Salamu Zilizoishia Kisimani

Inasimuliwa kwamba, katika miaka ambayo mvua ilizuiwa nchi za kaskazini, mjane mmoja mcha Mungu aitwaye Raihana alihama na mwanawe mchanga, Wahbu, kwenda kwa shangazi yake ng'ambo ya jangwa. Njia hakuijua. Kila aliyempokea alimwelekeza kwa mtu anayemfahamu katika mji wa mbele, akampa salamu za kumpelekea, na salamu hizo ndizo zilizomfungulia milango.

Katika mji mmoja alipokewa na Hamdani, fundi wa matandiko ya ngamia. Mkewe alizifua nguo za mtoto, akazikausha motoni ili asisafiri na unyevu. Wakati wa kuagana Hamdani akasema, "Mji ujao fikia kwa dada yangu, Bi Lubaba. Mwambie namsalimu. Hiyo ni amana, binti yangu."

"Nitaifikisha, inshallah."

Njiani Wahbu alishikwa na homa. Walipofika kwenye kisima cha mji wa Bi Lubaba, midomo yake ilikuwa imekauka. Wanawake wakampisha Raihana achote kwanza. Mmoja wao, Maimuna, akalowanisha ncha ya mtandio wake na kumpangusa mtoto paji la uso.

"Wageni wa kike hapa hulala kwa Bi Lubaba tu," akasema. "Nani kakutuma?"

"Ndugu yake, Hamdani."

"Jina hilo limeze, dada. Wamegombana tangu msiba wa baba yao. Aliyelitaja mwanzo alifungiwa mlango. Sema umetumwa na Maimuna. Mimi ananipenda, ingawa mtungi wake niliuvunja."

Raihana akamtazama mwanawe, akatamani kufanya hivyo. Lakini salamu hazikuwa zake, na hakuona haki ya kuzificha.

Bi Lubaba alipofungua, Raihana akasema, "Assalamu alaykum, mama. Ndugu yako Hamdani anakusalimu."

Mkono wa Bi Lubaba ukabaki mlangoni.

"Hawakukuonya kisimani?"

"Walinionya."

"Na mtoto anaumwa hivyo, bado ukasema?"

"Nimepewa amana, mama. Nikiingia kwa jina lingine, itapotea."

Bi Lubaba akaufungua mlango wote.

"Yule wa kwanza nilimfungia, nikajuta," akasema. "Tangu hapo kila mgeni husema ametumwa na Maimuna. Miaka yote hii nimedhani ndugu yangu hanisalimu tena."

Akampokea mtoto. "Alayki wa alayhis-salaam," akajibu, yaani amani iwe juu yako na juu yake. Akamnywesha Wahbu maziwa kwa ncha ya kidole, tone kwa tone, mpaka homa ikashuka.

Raihana alipoendelea na safari, Bi Lubaba alimsindikiza hadi kisimani. Akabaki hapo, akimwuliza kila msafiri kama anakwenda mji wa Hamdani.

Wale wanawake wa kisimani hawakuwa wabaya. Walitaka kila mgeni apate pa kulala. Ila kwa huruma yao ndugu wawili walikaa wakidhani wamesahauliana. Mwenyezi Mungu atujaalie kufikisha tulichopewa, hata pale tunapohofia mlango.