Ngiri Akazapo Nati

Hadithi iko mlangoni!
—Ifungulieni!
Ikiwa ni mwizi je?
—Ifungulieni hivyo hivyo!

Haya, mmeyataka wenyewe. Palikuwa na Bi Nguchiro, mdogo wa mwili, mkubwa wa shaka. Alikuwa na baiskeli ya kupelekea mayai mnadani. Mayai aliyapata wapi? Msiniulize, kwani mimi kuku?

Baiskeli ile haikuwa na breki, wala pedali zake hazikujua kupumzika. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka. Pedali zikizunguka, miguu inazunguka. Ukitaka kusimama, unakaza miguu, gurudumu la nyuma linatii. Lakini nati za gurudumu hilo zikilegea, linasogea mbele, mnyororo unaanguka, na hapo unabaki wewe na mteremko. Na kwa Bi Nguchiro kulikuwa na mteremko, ati! Chini yake dimbwi la tope.

Kwa hiyo kila asubuhi alilivuta gurudumu nyuma mpaka mnyororo ukae sawa. Akalitazama limesimama katikati. Akakaza nati ya kulia kidogo, kwi! Ya kushoto kidogo, kwi! Kulia, kwi! Kushoto, kwi! Kisha akapiga mstari wa chokaa kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu. Mstari ukiwa mzima, hakuna mkono uliopita. Mstari ukikatika, kuna mkono.

Jirani yake alikuwa Bwana Ngiri, mwenye nguvu za kung'oa kisiki na tamaa ya kukila.

"Jirani, niuzie baiskeli."
"Siuzi."
"Niazime."
"Siazimi."
"Basi ukifa nirithi mimi. Huna ndugu, na kwa mila yetu mali ya asiye na ndugu huenda kwa jirani."
"Sijafa."
"Haya," akasema Ngiri.

Bi Nguchiro hakuipenda ile "haya." Aliifikiria njia nzima ya kwenda kisimani, akaifikiria njia nzima ya kurudi. Alipofika nyumbani, nani kasimama kando ya baiskeli, anatabasamu? Ngiri! Na kwenye pembe ya jino lake pana chokaa.

"Nimekukazia nati, jirani," akasema Ngiri. "Kwa meno yangu mwenyewe. Wahi mnadani."

Bi Nguchiro akainama. Kulia, mstari umekatika. Kushoto, mstari umekatika. Kumbe anataka kuniua, akawaza, na asubuhi kanisalimia vizuri kabisa! Akainuka anacheka.

"Jamani! Kanga! Digidigi! Njooni mwone wema!"

Majirani hao wakaja mbio.

"Jirani kanikazia nati. Na nyie mnajua, fundi akishakaza, yeye ndiye anayejaribu kwanza. Akifika chini salama, baiskeli nampa."

Masikio ya Ngiri yakasimama. Kupewa? Bure? Lakini zile nati...

"Ngoja basi nizikaze kidogo tena."
"Aa, usijichoshe. Si umeshakaza?"
"Nimekaza, ila..."
"Ila nini?" akauliza Kanga.
"Hukukaza?" akauliza Digidigi.
"Nimekaza!"
"Basi panda!"

Ngiri akatazama baiskeli, akatazama watu. Nitakwenda polepole, akajiambia, kisha itakuwa yangu. Akapanda. Polepole, kiri, kiri, kiri. Mteremko ukaanza. Kirikirikiri! Ngiri akakaza miguu. Gurudumu likasogea mbele. Mnyororo, kwachu! Pedali, fyuuu! Ngiri akanyoosha mkia juu, akapiga kelele, "Nipisheni! Nipisheniii!" Chubwi! Tope lote likamkaribisha.

Mpaka leo ngiri akikimbia mkia wake uko wima. Bado anaomba njia.

Bi Nguchiro akaitoa baiskeli kichakani ilikotupwa, akarudisha mnyororo, akavuta gurudumu. Kulia, kwi! Kushoto, kwi! Akapiga mstari wa chokaa. Halafu akamtazama Kanga. Akamtazama Digidigi. Akapiga mstari wa pili.

Hadithi imeshuka kilima, mnyororo haukutoka. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aiache palepale alipoikuta.

Na funzo, watoto wangu, ni hili: kushuku majirani ni tabia mbaya sana. Mwaminini kila mtu.

Sasa kabla hamjaondoka, nyoosheni mikono. Wote! Nani kati yenu ana chokaa vidoleni?