Nani Aliyeifikisha Mbege Rombo?

Sogeeni, kaeni vizuri, na mwenye usingizi akanawe uso. Hadithi hii mimi naijua mwanzo na katikati tu. Mwisho wake sina, nimekuja kuutafuta kwenu.

Huko Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Mwalimu Ndekirwa alijaliwa mikono: kitu chochote chenye nati alikwisha kukifungua, na mara nyingi alikifunga pia. Fundi Temu, mwenye gereji pale njia panda, alijaliwa kichwa: kila injini aliyopata kuifunga ilibaki kichwani mwake. Na dada yake Mwalimu, Ndeanasia, mpika mbege, alijaliwa masikio. Pombe ile ya ndizi na ulezi aliisikiliza ndani ya pipa akajua kama imeiva, bila kuonja. Ingawa kuonja nako hakukumshinda.

Lakini mwenye kesi ni wa nne, Mama Aikande, mke wa Mwalimu. Mwanawe wa pekee, Anaeli, alikuwa amempata Manka wa Rombo, na Aikande alimpenda binti huyo tangu siku alipoingia jikoni bila kuitwa akashika mwiko. Jumamosi ilikuwa siku ya kupeleka mbege ya posa. Katika ukoo ule mbege ya posa haipandi gari la kukodi. Zamani ilikwenda vichwani mwa akina mama, siku hizi inakwenda kwa pikapu ya Mwalimu. Na mbege ikishaiva haingoji mtu. Ikichacha wakwe hawaipokei, na kule Rombo kulikuwa na kijana mwenye duka la nguo aliyekuwa ameanza kupitapita kwa kina Manka.

Siku chache kabla ya safari, pikapu ikachemka. Mwalimu akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili. Gasketi imeungua," akasema, na uso wake, Mungu amsamehe, ulikuwa wa furaha.

"Baba Anaeli, mwite Temu," Aikande akamsihi.

"Nimlipe mtu anitafunie nyama, na meno ninayo?"

Akafungua injini, na tusimnyime haki yake, alifanya kazi safi. Alikata kipande cha mgomba, akachomeka humo kila bolti kwa mpangilio uleule wa kwenye injini, ndefu mahali pa ndefu na fupi mahali pa fupi, asije akapotea wakati wa kufunga. Akaitoa gasketi iliyoungua, akasugua pakang'aa, kisha akaenda mjini kutafuta mpya. Alimwachia mkewe maagizo mengi, ila la mgomba alilisahau.

Nanyi mnaijua nyumba ya Mchagga: ng'ombe yuko bandani, na mgomba ni chakula chake. Aikande akakiona kipande uani, akachomoa vyuma vyote, akaviosha vizuri, akavitia kwenye bakuli, akamkatia ng'ombe mgomba wake. Mwalimu aliporudi ng'ombe alikuwa anacheua.

"Umefanya makusudi, ili nimwite Temu!"

"Ningekusudia, ningemlisha na bolti zako," Aikande akajibu, lakini moyoni hakuwa na mzaha. Aliogopa sana. Aliona posa ya mwanawe imevunjika, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Temu akaitwa. Akaja, akachungulia injini, akaweka mikono nyuma.

"Mwalimu, gari lililofunguliwa na mtu mwingine mimi siligusi. Aliyefungua ndiye hufunga. Likizima njiani watasema ni Temu."

"Basi usiguse, baba," Aikande akadakia, akamwekea kigoda. "Keti, uwe unasema tu."

Temu akaketi, akasema. Alimwambia Mwalimu atumbukize kijiti katika kila tundu apime kina chake, na hivyo bolti ndefu zikapata kwao na fupi zikapata kwao. Mwalimu alipotaka kuanza kukaza za pembeni, Temu nusura aanguke na kigoda. "Za katikati kwanza! Kisha toka nje taratibu, zunguka, usimalize moja kabla ya nyingine. Ukianzia pembeni gasketi itaungua tena kabla hujafika Rombo!" Mwalimu aliyezoea kufundisha, siku ile alifundishwa. Na Temu hakushika hata nati moja.

Jumamosi asubuhi wakawasha. Injini ikaitika, ikatetemeka, ikakohoa, ikazima. Mwalimu akayalaumu maelekezo, Temu akailaumu mikono. Aikande, ndani ya kitenge chake kipya, akaanza kulia waziwazi.

"Nyamazeni nyote," akasema Ndeanasia, aliyeketi kando ya mapipa yake. "Washa tena." Wakawasha. Akafumba macho. "Kuna mahali panapovuta hewa kwa wizi. Wifi, usilie. Ni huko nyuma ya injini, upande wa dereva."

Mwalimu akapeleka mkono, akakuta mpira mdogo wa hewa umechomoka. Akaurudishia, na injini ikatulia.

Wakapanda wote, Temu na Ndeanasia wakiwamo, wakafika Rombo mchana, mbege ikiwa bado tamu. Wazee wakaonja, wakatazamana, wakaomba kuongezewa. Posa ikapokelewa, na Aikande akacheza mpaka kilemba kikamdondoka.

Ndipo baba yake Manka akaleta sahani yenye kidari cha mbuzi. "Kwetu kidari hakigawanywi," akasema. "Mama Anaeli, mpe mtu mmoja tu, yule aliyeifikisha mbege hapa. Huyo ndiye atakayewabariki watoto hawa kabla ya mwingine yeyote siku ya harusi yao."

Mwalimu akakohoa kidogo. "Jamani, kucha hizi zenye oili ni za nani?"

"Ni zako, Mwalimu," akasema Temu, "ila bila mimi zingekuwa bado zinachambua bakuli."

"Mimi sidai kitu," akasema Ndeanasia, huku akivuta kiti karibu na sahani. "Nauliza tu, mlipokuwa mnabishana, gari lilikuwa linakwenda?"

Aikande akasimama na sahani mkononi. Huyu ni mumewe, na nyumbani watarudi pamoja. Huyu ni fundi aliyevumilia kigoda kwa ajili yake. Na huyu ni wifi, nanyi mnajua wifi akinuna hununa mpaka wajukuu wazaliwe. Wote watatu alikuwa na deni la shukrani kwao, na wote watatu walikuwa wanamtazama yeye.

Nami nimefika mwisho wa ninachokijua. Wakwe wanangoja, nyama inapoa. Haya, wewe uliyeketi hapo, ungekuwa Aikande, sahani ungeiweka mbele ya nani?