Tenga la Bi Mwanate

Palikuwa na Sultani wa Mtangani, jina lake Hilali, aliyependa karamu kuliko usingizi. Wageni wake walikunywa sharbati ya waridi iliyoagizwa ng'ambo katika chupa za kijani. Chupa zikiisha, watumishi walizitupa baharini kwa dirisha la nyuma. Bahari haisemi, wenzangu, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa.

Siku moja mvuvi akaokota ufukweni bonge la ambari, ile itokayo kwa nyangumi ikatengenezwa manukato. Akauza, akatajirika. Sultani akakosa hamu ya kula. Akapiga mbiu: kila kilicho chini ya maji ya ghuba, na kila kinachotupwa na bahari ufukweni, ni mali yake. Atakayekiondoa atakatwa mkono.

Sasa, mjini hapo alikuwapo mjane, Bi Mwanate. Mumewe, Mungu amrehemu, alikanyaga chupa iliyovunjika akitafuta pweza. Mguu ukavimba, na wiki haikuisha akafariki. Tangu hapo, kila bamvua, maji yanapokupwa mbali hata sakafu ya bahari ikaonekana, Bi Mwanate alishuka na majirani zake. Wakaokota vigae, kamba na nyavu mbovu, wakavifukia mbali. Hapakuwa na ujira. Alisema kuondoa chenye kudhuru njiani ni sadaka, na njia ya mumewe ilikuwa ile.

Askari wakamkamata, tenga liko kichwani. Barazani, mbele ya Kadhi na watu wote, Sultani akamwita mwizi.

"Nimeiba nini, Bwana wangu?"

"Mali yangu iliyomo tengani."

"Hata huu wavu uliooza?"

"Hata huo."

"Na huyu papa aliyekufa juzi?"

Watu wakaziba pua. Sultani naye alitamani kuziba, ila cheo kilimzuia. "Hata yeye. Bahari hainiletei kisicho changu."

Bi Mwanate akainamisha kichwa, akaomba radhi. Akasema hakujua, na sasa amejua. Aachiwe mkono wake apate kuirudisha mali ya mwenyewe. Kadhi akaona ni haki. Sultani akakubali, tena kwa furaha.

Bamvua iliyofuata wakashuka wanawake wa mji mzima. Wakarudisha. Wakarundika mlangoni pa jumba nyavu, matumbo ya samaki, magunia yaliyooza na papa wengine wawili, hata mlango ukawa unafunguka nusu. Wageni wa karamu wakakumbuka, kila mmoja, kwamba ana mgonjwa nyumbani. Sultani akatoka kwa ubavu, kitambaa puani, akamwita Bi Mwanate.

"Ondoa uchafu huu."

"Uchafu upi, Bwana wangu? Mimi naona mali."

"Nimesema uondoe."

"Kwa mkono upi? Nikiondoa, unakatwa."

"Basi nimekupa. Yote yako."

"Ahsante, Mungu akuzidishie. Lakini mimi mjane, chumba changu kimoja. Niwekee hapa hapa, pana walinzi."

Watu wakacheka chinichini. Sultani akaona haya, akataka kuwaonyesha kwamba naye ana akili. Akaifuta mbiu yake palepale, akatoa nyingine.

"Tangu leo taka ni ya aliyeitupa. Akitambulika, ataiokota kwa mkono wake mwenyewe, awe nani, awe nani, kabla jua halijachwa. Kadhi, shuhudia."

Kadhi akashuhudia.

Bi Mwanate akachutama penye rundo. Akachomoa chupa ya kijani, akaipangusa kwa kanga, akaisimamisha mbele ya Sultani. Akachomoa nyingine, na nyingine. Ya mwisho ilikuwa shingo tupu, imevunjika. Hiyo aliitazama kidogo kabla ya kuiweka pamoja na zile nyingine. Mji mzima ulizijua chupa zile, na kicheko kikakatika.

Akamwaga tenga lake, akalikung'uta mchanga, akamnyooshea Sultani kwa mikono miwili.

"Shika, Bwana wangu. Zilizobaki ziko chini ya dirisha lako, na maji yamekupwa. Ila viatu usivue, zinakata."