Kiwanja cha Juu ya Mazuku

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto mdogo ampakate, maana hadithi hii inawahusu zaidi walio karibu na ardhi.

Katika kijiji cha Lwahanga, chini ya mlima wa moto, upande wa ziwa Kivu, waliishi watu watatu wenye vipaji tofauti.

Wa kwanza ni Kahindo, mjane. Yeye alijua kuitambua hatari kabla haijamgusa mtu. Aliweza kupita mahali, akasimama, akasema, "Hapa hakuna hata nzi," kisha akageuza njia.

Wa pili ni Paluku, mpiga tarumbeta wa kanisani. Alikuwa na pumzi ndefu kuliko mtu yeyote kijijini. Akishika sauti moja, watoto walianza kucheka, wakaacha kucheka, wakaanza kuogopa, naye bado anaipuliza.

Na wa tatu ni Nabintu, mkunga. Huyo hakujua kukata tamaa. Watoto waliozaliwa kimya aliwapulizia pumzi yake mwenyewe mpaka wakalia, hata pale mama zao walipokwisha kugeukia ukutani.

Sasa, watu wa Lwahanga wana kitu wanachokiogopa kuliko moto wa mlima. Moto unaonekana. Mazuku hayaonekani. Ni hewa inayopenya kutoka chini, katikati ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima zamani. Haina rangi wala harufu. Ni nzito, kwa hiyo hutulia mabondeni kama maji kwenye karai, hasa asubuhi kabla upepo haujaamka. Ng'ombe mwenye kichwa juu hupita salama, na mbuzi anayemfuata huanguka. Mtu mzima aweza kusimama akizungumza, na mtoto aliye kando yake akafa.

Asubuhi moja, msichana mmoja aitwaye Nsimire alimfuata mbuzi aliyekata kamba. Bibi yake, Mwamini, alikuwa juu ya ukingo wa bonde akimtazama. Alimwona mbuzi akishuka bondeni na kupiga magoti. Alimwona mjukuu wake akimkaribia, akiinama kumshika shingo. Nsimire hakuinuka tena. Alilala taratibu kando ya mbuzi, kama mtu aliyechoka.

Bibi Mwamini alipiga yowe. Baba wa mtoto, Bisimwa, akatoka mbio nyumbani kwake, na jirani mmoja nyuma yake.

Kahindo alikuwa akipita na kijinga cha moto alichoomba kwa jirani ili akawashe jiko lake. Alipoona mwili bondeni alikimbilia ukingoni. Alimdaka Bisimwa shati, akajitupa chini naye.

"Niache, ni mtoto wangu."

"Ni wako, ndiyo maana nakushika," Kahindo alisema. "Mume wangu alimfuata kaka yake hivi hivi. Niliwazika wote wawili."

Akashuka kidogo, akakishusha kile kijinga mbele yake. Kilikuwa kinawaka vizuri. Kilipofika usawa wa jiwe moja lenye ufa, moto ulizimika papo hapo, kama uliochovywa majini. Wote waliona. Yule jirani aliyekuwa akikimbia alisimama, akarudi kinyumenyume.

"Hapo kwenye ufa," Kahindo alisema, "ndipo pa mwisho pa kuvuta pumzi. Atakayevuta chini ya hapo harudi."

Bibi Mwamini akalia, "Atakayenirudishia mtoto huyu nampa kiwanja changu cha juu. Nasema mbele yenu wote."

Paluku alikuwa amefika. Aliwatazama watu mmoja mmoja, akitumaini kwamba yuko mwingine atakayejitolea. Hakuna aliyejitokeza. Baadaye alikiri kwamba aliogopa hata akaona haya. Alivua viatu, akasimama kwenye ule ufa, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akashuka.

Watu walimwona akitembea ndani ya hewa safi machoni, angavu kabisa, na hilo ndilo lililowatisha. Mawe yalikuwa makali. Aliteleza, akaanguka kwa mkono, lakini kinywa hakukifungua. Macho yalimwasha, pua ikamchoma. Alimfikia Nsimire, akamwinua juu ya kichwa chake, akaanza kupanda. Karibu na ufa miguu ilimwisha nguvu. Akapanda kwa magoti, uso umevimba, mishipa ya shingo imesimama. Alipofika juu alimweka mtoto mikononi mwa baba yake, akaanguka, akatapika.

Lakini mtoto hakuwa akipumua. Midomo ilikuwa ya bluu.

Nabintu alifika akihema. Alimlaza chali, akamfungua kinywa, akapuliza. Akabonyeza kifua, akapuliza tena. Hakuna kitu. Akaendelea mpaka watu wakaanza kutazama pembeni. Bibi Mwamini alivua kilemba chake ili amfunike mjukuu. Kahindo, aliyewahi kuona sura kama ile, alisema kwa upole, "Nabintu, huyu amekwenda."

Hata Bisimwa alisema, "Dada, mwache mwanangu apumzike."

Nabintu aliinama tena. Alikuwa akilia huku akipuliza, na machozi yake yalikuwa yakidondoka juu ya uso wa mtoto. Aliogopa kuacha, na aliogopa kuendelea. Kisha kifua cha Nsimire kikashtuka kidogo. Akakohoa. Akavuta hewa kwa sauti ya mlango mkavu.

Ndivyo alivyorudi. Walipomuuliza alichokiona, alisema tu, "Mbuzi alikuwa amelala vizuri, nikataka kulala naye." Bibi yake hajapata usingizi mzuri tangu asikie maneno hayo.

Sasa njooni kwenye kiwanja. Kiko juu ya ukingo, jirani na nyumba ya Bisimwa, mahali ambapo mazuku hayafiki. Kina nafasi ya nyumba moja ya mbao tu. Upande huu genge, upande ule genge. Na wale watatu wote wanaishi chini.

Bibi Mwamini aliwaita nyumbani kwake.

Kahindo alisema, "Bibi, bila mimi ungezika watatu. Paluku naye angeingia akipumua kama kawaida. Nina watoto. Vitanda vyao nimeviinua kwa mawe, na bado usiku naamka kumshika pua yule mdogo nione kama anapumua."

Paluku alisema, "Kahindo alionyesha mpaka, lakini hakuuvuka. Niliuvuka mimi. Tangu siku ile nikishika tarumbeta kifua kinanibana. Mke wangu ana mimba, na nyumba yetu ndiyo ya chini kuliko zote. Naogopa, Bibi. Sioni haya tena kusema."

Nabintu alisema, "Alichowaletea Paluku kilikuwa maiti, nanyi wenyewe mlitaka kumfunika. Wanawake wanazaa nyumbani kwangu. Vichanga nawalaza kwenye mkeka. Mnajua mkeka uko usawa gani."

Mtu mmoja alishauri wajibanze wote pale juu. Walikwenda kupima. Ukiweka familia mbili, watoto watalala ukingoni mwa genge. Bisimwa alishauri kiwanja abaki nacho mama yake, kila mmoja apewe mbuzi. Bibi Mwamini alimkatalia. "Niliapa mtoto akiwa amelala bondeni," alisema. "Nikivunja, nitakuwa naogopa mawili: mazuku na kiapo changu."

Jana Kahindo alikuta vyura waliokufa nyuma ya nyumba yake. Leo Paluku amekuta ndege karibu na mlango. Nabintu ana mama mmoja aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mlima umeanza kunguruma, na kila unapofanya hivyo hewa ya chini huongezeka.

Bibi Mwamini amekaa mbele ya nyumba na mjukuu wake mapajani, anawatazama wale watatu, nao wanamtazama. Hakuna anayemlaumu mwenzake. Hakuna pia aliye tayari kusema, "Chukua wewe."

Yeye ameshindwa kuamua. Haya, ninyi mlionisikiliza: kiwanja hicho mngempa nani? Na wale wawili watakaorudi chini jioni hii, mngewaambia nini?