Kitabu cha Watu wa Nuru na Mke wa Mkulima wa Matikiti

Alitawala Sultani Behramu katika mji wa Zarkundi, na mji ule ulisimama juu ya magofu ya wafuasi wa nabii wa kale Mani, waliojiita Watu wa Nuru, ambao kizazi chao kilikwisha na vitabu vyao vikafukiwa. Siku moja mkulima wa matikiti, Farhadi, akichimba udongo wa magofuni wa kurutubishia shamba, akatoa kitabu kilicholowa maji ya chumvi, na masikini, kwa nia njema, akakianika darini kama aanikavyo vipande vya tikiti, kikagandamana kikawa kigumu kama tofali.

Habari zikafika kasri. Sultani akajaribu kukifungua akashindwa, na hasira zake zilikuwa karibu siku zote, akanena, "Huyu amekifunga kwa uchawi! Siku arobaini zikipita bila kitabu kufunguka, akatwe kichwa."

Nargisi, mkewe Farhadi, binti wa fundi wa kujalidi vitabu, akaanguka miguuni pake. "Ewe maulana, nipe mimi nikifungue."

Akapewa. Akakifunika kwa vitambaa vyenye unyevu, akangoja, kisha akapenyeza ubapa wa pembe chini ya ukurasa wa kwanza, na kazi hiyo ikamla siku nne. Ukurasa ulipoinuka, akatoka jini mrefu mwenye macho ya huzuni.

"Mimi ni Shamhuni," akasema, "nimefungwa humu hadi kurasa zote zifunguke. Niamuru, bibi, nizifungue kwa pumzi moja!"

"Na maandishi?"

"Yatakuwa vumbi. Lakini mumeo atapona."

Nargisi akamwomba kwanza amsomee ukurasa ule, naye akasoma: "Ewe tikiti, niwie radhi. Nimekukata kwa njaa, si kwa chuki." Nargisi akalia sana, kwani alimpenda mumewe kuliko macho yake, na watu hawa walioomba radhi kwa tunda hakuweza kuwaua mara ya pili. Akarudi kwenye vitambaa vyake.

Siku ya arobaini zilikuwa zimefunguka kurasa kumi tu. Farhadi akaletwa barazani na kamba shingoni, na Nargisi alipomwona moyo ukamkatika, akamgeukia jini, akafumbua kinywa amwamuru.

"Usimwamuru, mke wangu," akasema Farhadi. "Kosa la kukianika ni langu, si lao waliokiandika."

Sultani akashangaa. "Kina nini hicho hata mtu akifie?"

Nargisi akamsomea ukurasa wa tikiti kama alivyousikia kwa jini. Waziri, ambaye alikwisha kumwita mwenye upanga, akatazama viatu vyake.

"Tangu nizaliwe," akasema Sultani, "sijamwomba radhi mtu yeyote." Akashuka kitini, akaifungua kamba kwa mikono yake mwenyewe.

Akawajengea nyumba ya vitabu yenye bustani na riziki ya maisha, na Shamhuni, ambaye angeweza kuharakisha, akakaa miaka ishirini akilowesha vitambaa. Nanyi mliosikiliza, basi mjue kuwa neno la kwanza lililosomwa upya katika kitabu kile lilimwokoa mtu, na Sultani alilitamka mbele ya watu wote: "Farhadi, niwie radhi."