Nguva, Kaa na Msuko Mmoja Uliobaki

Paukwa!

Mbona mnajibu kama hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo ndiyo pakawa. Mwanakheri, mjukuu wangu, tuliza kichwa bibi akusuke. Na hiyo mikono yako huko chini ya kiti changu inafanya nini? Haifanyi kitu? Haya, nimeamini.

Hapo zamani za kale, kwenye mikoko, aliishi Nguva. Juu mtu, chini samaki. Nywele zake zilifika mkiani, na zilikuwa timtim, maana hakuna aliyemsuka. Hakuwa na shoga hata mmoja. Kwa nini? Utundu! Alicheza na Pweza, akamfunga mikono yote minane fundo moja. Alicheza na Chewa, akamjaza mchanga kinywani. Wote wakamkimbia. Nguva akabaki anaimba peke yake, anacheka peke yake, na kucheka peke yako kunachosha, nyie.

Siku moja maji yamejaa, akatokea Kaa. Msimwone mdogo, naye mtundu vilevile!

"Shoga, mbona kichwa kama kiota cha kunguru?"

"Nani atanisuka?" akasema Nguva.

"Mimi! Magando haya unadhani ya nini? Keti hapo."

Nguva akafurahi, mkia ukapiga maji, chubwi! Moyoni akaapa: leo sifanyi utundu. Leo napata shoga.

Akaegemea mzizi wa mkoko. Kaa akampanda begani. Kacha-kacha, kacha-kacha. Msuko wa kwanza. Msuko wa pili. Wa tatu... mh! Wa tatu akaufunga kwenye mzizi. Wa nne, kwenye mzizi. Wa tano, kwenye mzizi. Akacheka kimoyomoyo, kwi kwi kwi.

Na Nguva je? Miguu ya Kaa ilining'inia mbele ya macho yake. Minane! Vidole vikamwasha. Akavizuia. Vikamwasha tena. Akachuma mwani, akaanza taratibu: mguu, mwani, mguu, mwani. Fundo akalitia mgongoni. Kwi kwi kwi.

Maji yakaanza kupwa.

"Tayari, shoga! Nenda kajitazame!" akasema Kaa.

Nguva akajivuta. Aaai! Kichwa hakitoki, na mafundo yako nyuma ya mzizi, mikono haifiki. Kaa akacheka, akaruka akimbie. Pu! Akaanguka chali mkiani kwa Nguva.

"Umenifunga!" akalia Nguva.

"Na wewe umenifunga!" akalia Kaa.

"Nifungue kwanza!"

"Wewe kwanza!"

"Nikikufungua utakimbia, mimi nikauke hapa!"

Wanabishana, maji yanapwa. Yakashuka kifuani, yakashuka kiunoni, mkia wa Nguva ukaanza kukauka. Na kule topeni, chapwa, chapwa, chapwa. Nani huyo? Korongo na njaa yake! Korongo na kaa, mambo yao mnayajua.

Kaa akamwona. "Shoga, nimekwisha! Fundo liko mgongoni, magando hayafiki!"

Nguva akamtazama. Nikimfungua, ataniacha. Nisipomfungua, ataliwa, nami nibaki peke yangu tena. Akalifungua fundo.

Kaa akashuka, akachechemea mbio, akaingia shimoni. Asante hakusema!

"Kaa! Kaa we!"

Nguva akalia, jamani, akalia.

Korongo akafika. "Kaa yuko wapi?"

"Simjui," akasema Nguva.

"Basi nitakudonoa jicho mpaka umjue!"

Akainua mdomo. Mara tope likafunguka chini ya mguu wake. Kwaa! Gando likashika kidole.

"Mama weee!" Korongo akaruka, akaenda zake. Mguu ule mpaka leo anaukunja.

Kaa akatoka topeni, anahema. "Ulidhani nimekuacha?"

"Nilidhani."

"Hata mimi nilidhani nitakuacha. Nilipofika shimoni nikacheka, nikaona sina wa kucheka naye."

Akafumua msuko mmoja mmoja. Kufumua kunachelewa kuliko kusuka! Alipomaliza, maji yalikuwa yamerudi, mkia wa Nguva umelowa, na wote wawili wanacheka. Nguva naye akamtoa mwani uliobaki miguuni. Akaacha msuko mmoja tu wa mwani, umefunga miguu miwili ya Kaa.

"Na huo?" akauliza Kaa.

"Huo nauacha. Nikikuona kwa mbali nikutambue, shoga yangu."

Ndiyo maana kaa hutembea upande upande.

Basi sikilizeni, wakubwa na wadogo. Mtanie mwenzako upendavyo, lakini akikwama, rudi umfungue. Usiporudi, utacheka peke yako.

Hadithi yangu imeishia hapo, na kichwa cha Mwanakheri nacho kimekwisha. Nenda kacheze, mama. Nami nipisheni, nikaangalie chungu changu ji... He! Nani kaifunga leso yangu kwenye mguu wa kiti? Mwanakheri! Unakimbilia wapi? Mwanakheri we! Rudi unifungue!