Mzizi Alioutema Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, na anayetaka kucheka akacheke kwao. Hii ya leo inaniuma hata mimi.

Hapo zamani za kale, Nguchiro aliwafundisha watu dawa ya sumu ya nyoka. Mizizi ilikuwa mitatu, yote myeupe, yote michungu. Mmoja huponya, miwili ni kuni tu. Ili aujue uponyao, mwanafunzi alitafuna mmoja kwa siku, akakaa kimya chini ya ukuta mpaka jua lizame.

Siwema, binti wa mjane Bi Mashavu, hakuona faida ya kukaa. Alikuwa na kibuyu kisemacho, kilichoshika maneno ya waganga wote. Alikificha ndani ya kanga.

Siku ya mtihani Nguchiro akauliza, "Umechimba?"

"Nimechimba, mwalimu."

"Umetafuna?"

"Nimetafuna, mwalimu."

"Umekaa?"

"Nimekaa, mwalimu."

"Haya, mzizi uponyao una ladha gani?"

Kibuyu kikanong'ona. Siwema akajibu, "Mchungu, kisha mtamu."

Nguchiro aliusikia ule mnong'ono. Lakini wanafunzi walikuwa wengi, naye amechoka, na jibu lilikuwa sahihi. Akamvika ushanga wa uganga. Namlaumu Nguchiro, jamani, namlaumu kweli.

Masika yakaja. Asubuhi moja, Nguchiro akiwa safarini, swila akamuuma Bi Mashavu kondeni.

"Usiogope, mama, nina ushanga," Siwema akasema. Akakimbia porini, akaichimba mizizi mitatu.

"Kibuyu, ni upi?"

"Mchungu, kisha mtamu."

"Upi, nakuuliza!"

"Mchungu, kisha mtamu."

Siwema akatafuna mmoja, akautema. "Huu mchungu mtupu!"

"Basi si huo," kibuyu kikasema, bila wasiwasi wowote.

Akautupa. Akachemsha mwingine, akamnywesha mama yake.

"Ahsante, mganga wangu," Bi Mashavu akasema. Hakusema tena.

Alasiri Nguchiro akarudi, akawakuta watu wanalia. Siwema akamwekea ushanga miguuni.

"Mwalimu, siku ile ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Mbona ukaninyamazia?"

 Nguchiro akaketi chini ya ukuta, Siwema akaketi kando yake. Wakakaa kimya mpaka jua likazama.

Ndipo utamu wa ule mzizi alioutema asubuhi ukamjaa Siwema mdomoni.

Hadithi yangu naiacha hapo, kwani mbele yake sina la kuwaambia.